Benchi la Mlangoni

Katika shule ile ya kati mtoto hakuchagua pa kukaa. Kila Jumatatu, jaribio la wiki likishasahihishwa, mwalimu alisimama ubaoni akaita majina kuanzia wa kwanza, na kila aliyeitwa alibeba daftari zake akahamia nafasi yake mpya. Wa kwanza alikaa mbele kabisa, karibu na dirisha. Wa pili akamfuata, na wa tatu, mpaka darasa likajaa, yakabaki majina ya mwisho ambayo hakuna aliyekuwa na haja ya kuyasikia. Wenye majina hayo walikuwa wameshakaa. Walijua kwao ni wapi.

Jengo la darasa la nane lilikuwa zamani ghala la kiwanda cha saruji, ndiyo maana mlango wake ulikuwa nyuma: mpana, wa chuma, mzito, haufungiki mpaka usukumwe kwa bega. Benchi la mwisho liligusana nao. Aliyekaa ukingoni mwa benchi lile ndiye aliyekuwa bawabu wa darasa. Mwalimu akija, anafungua. Upepo ukivuma, anafunga. Chaki ikiisha, anatumwa, na akirudi somo limeshavuka mto na yeye yuko ng'ambo.

Mtu aliyesimama ubaoni angeweza kuusoma mji mzima bila kutoka nje. Mbele walikaa watoto wa nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, wenye taa za kusomea na walimu wa ziada wa jioni. Katikati walikaa watoto wa wenye maduka, wa makarani, wa mafundi cherehani. Mlangoni walikaa watoto wa machimboni, ambao wazazi wao walivunja mawe kuwa kokoto, na wao wenyewe walivunja kabla ya kengele na baada ya kengele. Hukuwa na haja ya kuuliza nani anatoka wapi. Benchi lao lilikuwa jeupe kwa vumbi la mawe. Likifutwa asubuhi, mchana lilikuwa jeupe tena.

Mwaka mmoja bawabu alikuwa msichana mwembamba, mwenye vidole vyenye makovu ya nyundo. Alikuwa anapenda hesabu jinsi mtu anavyompenda jirani asiyemjua vizuri: kwa mbali, kwa kuchungulia. Siku chache kabla ya majina kupelekwa kwa ajili ya mtihani wa mwisho, mwalimu wa taaluma alimwita baba yake ofisini. Alikuwa mwalimu kijana, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata kama wembe. Alimkaribisha mzee kiti, akamuuliza habari za kazi, akasema, "Mzee wangu, binti yako amechoka. Tumwache apumzike mwaka mmoja, mwakani atafanya vizuri zaidi."

Baba, ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti chenye mto, alishukuru. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba mwalimu ni mtu wa huruma.

Msichana alipumzika. Alipumzikia machimboni, juu ya gunia lililokunjwa, kati ya mama yake na rundo la mawe. Matokeo yalipotoka, shule iliongoza kwa wastani kwa mara ya kwanza katika historia yake, wakapita barabarani na kombe wakipiga ngoma, na mwalimu wa taaluma akiwa amebebwa juu mabegani. Msafara ulipita kwenye ukingo wa machimbo. Msichana alisimama na nyundo mkononi kuwaangalia. Mwalimu akageuza uso upande ule, akawapungia mkono wavunja mawe wote kwa jumla, kama mtu anavyopungia shamba.

Mwaka uliofuata hakuna aliyemwita shuleni, na baba alikuwa ameanza kukohoa. Msichana hakulia. Alichukua jiwe, akaliita kwa jina la yule mwalimu, akalivunja. Akachukua la pili, akaliita vilevile.

Watu husema hasira hasara. Kwa binti huyu hasira ilikuwa mtaji. Ndiyo iliyomwamsha alfajiri, ndiyo iliyompeleka kwenye darasa la watu wazima la jioni akiwa na vumbi masikioni, ndiyo iliyomfikisha chuo cha ualimu. Wenzake chuoni walikuwa wakiota shule za mijini. Yeye aliomba kupangiwa shule moja tu, akaomba tena, na tena, mpaka karani wa ofisi ya elimu akamuuliza, "Dada, huko kuna nini? Una mchumba?"

"Kuna mtu namdai," akasema.

Aliporudi, mwalimu wa taaluma alikuwa ameshakuwa mwalimu mkuu. Mvi zilikuwa zimempendeza. Wanafunzi walimwita Bwana Wastani, kwa sababu hakuna hotuba aliyotoa bila neno hilo. "Wastani hausemi uongo," alikuwa akisema huku amefumba macho kidogo, kama mtu anayeonja kitu kitamu. Hakuwahi kumchapa mtoto. Aliwapumzisha tu. Kila mwaka, kabla ya majina kupelekwa, wazazi wa mlangoni waliitwa mmoja mmoja kwenye kiti chenye mto, na kila mwaka walishuka mlima wa shule wakishukuru.

Siku ya kwanza alimpokea mwalimu mpya kwa mikono miwili. "Karibu sana, binti yangu. Kwenu ni wapi?"

"Hapo chini, Mkuu. Machimboni."

"Ooh! Vizuri sana. Tunahitaji watu wa pale wanaojua maana ya elimu."

Hakumkumbuka. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, binti yule: kwa dharau, kwa aibu, hata kwa machozi ya uzeeni. Kwa kusahauliwa hakuwa amejiandaa. Shoka husahau, mti hausahau. Lakini mti ule ulikuwa umetembea safari ndefu kuja kusimama mbele ya shoka, na shoka likauuliza kwenu ni wapi.

Akafundisha. Alifundisha hesabu akiwa amesimama nyuma ya darasa, mgongo kwenye ule mlango wa chuma, na watoto walilazimika kugeuza shingo. Wakambandika jina: Bi Mlango. Hakukasirika. Miaka ikapita, makombe yakaongezeka kwenye kabati la ofisi, na yeye akangoja, kama wavunja mawe wanavyongoja jua lilipashe jiwe moto kabla ya kulimwagia maji lipasuke.

Mwaka wa mwisho wa Bwana Wastani kabla ya kustaafu, mambo matatu yalikutana. Shule ilikuwa imeongoza miaka miwili mfululizo, na ikiongoza wa tatu ingebaki na kombe moja kwa moja. Ukumbi mpya ulikuwa unajengwa, na kila mtu alijua utapewa jina la nani. Na kwenye benchi la mlangoni, ukingoni kabisa, alikaa mtoto wa kaka yake Bi Mlango.

"Shangazi," mtoto alimwambia njiani siku moja, "Mkuu amemwita baba. Eti mimi nimechoka."

"Umechoka?"

"Na nini?"

Jioni hiyo Bi Mlango alishuka machimboni. Hakuhutubia. Alikaa kwenye mawe na wazazi waliopata wito, akawaambia maneno machache: msiende mmoja mmoja, nendeni wote, na mkiulizwa semeni hapana.

Wakaenda. Ofisi ya mwalimu mkuu haikuwahi kuona kitu kama kile. Waliingia na nguo za kazini, wakakaa kwenye viti vya mto, wengine wakakaa chini, wengine wakasimama hadi kwenye ngazi, na kila walipogusa paliachwa alama nyeupe. Bwana Wastani aliwatazama, akatafuta tabasamu lake, akalipata nusu.

"Wazazi wangu, watoto hawa tunawahurumia. Wamechoka. Wapumzike mwaka mmoja tu."

Mzee mmoja waliyemwita Nyundo, mchekeshaji wa machimbo yote, akanyanyua mkono kama mwanafunzi. "Mkuu, samahani. Mwanangu hajachoka. Aliyechoka ni mimi. Kama kuna nafasi za kupumzika, andika jina langu."

Ofisi nzima ikacheka, hata karani.

"Si hivyo, mzee wangu..."

"Na mke wangu mwandike. Yeye ana mgongo."

"Mimi nasema kwa faida ya mtoto."

"Faida yake si akafanye mtihani?" mama mmoja akadakia kutoka sakafuni. "Akifeli, amefeli wa kwake. Usimfelishe wewe kabla."

Hakukuwa na jibu la upole kwa hilo, na Bwana Wastani hakuwa na majibu ya aina nyingine. Majina yote yakapelekwa. Baadaye alimwita Bi Mlango, akafunga mlango.

"Umewachochea wewe."

"Mimi ni mwalimu wa hesabu, Mkuu. Nimewahesabia tu."

"Unajua wastani wetu utakuwa wapi?"

"Najua," akasema, na moyo wake ukaruka kama mtoto anayeruka kamba. Alijua vizuri sana. Watoto wale walikuwa karibu theluthi ya darasa, na miaka yote hawakufundishwa ila kufungua mlango. Hakuhitaji kufanya lolote tena. Alihitaji tu kufundisha kama walivyofundisha wenzake, macho yakiwa kwenye madawati ya mbele, na wale wa nyuma wangeanguka wenyewe kama mawe kutoka ukingoni, mmoja baada ya mwingine, juu ya kichwa cha Bwana Wastani. Kombe lingeondoka. Jina ukumbini lisingeandikwa. Aliwaza hivyo usiku na mchana, akanenepa.

Jumamosi moja alimkuta mama yake kazini. Bibi yule alikuwa bado anavunja mawe, ingawa mwanawe alimkataza kila mwezi. Alisema mikono ikikaa bure inaanza kusengenya. Mjukuu alikuwa kando yake akipanga kokoto kwa ukubwa.

"Mke mwenzangu," bibi akamwambia mjukuu, "hebu katulete maji. Mumeo hayupo, nani atanihudumia?" Mtoto akaenda akicheka. Bibi akamgeukia binti yake. "Una uso wa mtu aliyeokota pochi. Kuna nini?"

"Mama, mwaka huu namwangusha."

"Nani?"

"Unamjua."

"Aa." Bibi akaweka nyundo chini. Hilo lilikuwa jambo la kuweka nyundo chini. "Unamwangusha kwa nini?"

Bi Mlango akamweleza yote: majina, wastani, kombe, ukumbi. "Sinyanyui hata kidole. Wakifeli hawa, na yeye kwisha."

Mbali kidogo mjukuu alikuwa anajaza kopo kwenye pipa, ameinama, shingo yake nyembamba ikionekana.

"Na huyo?" bibi akauliza.

"Huyo nani?"

"Huyo anayeniletea maji."

Bi Mlango aliitazama ile shingo.

"Yule bwana alikuokota akakutupa nje ili apate kombe. Wewe unamwokota huyu umtupe ndani ili alikose. Mimi sikusoma, mwanangu. Nionyeshe tofauti."

"Kwa hiyo nimsamehe?"

"Nani kasema umsamehe?" Bibi alifoka mpaka wavunja mawe wa jirani wakageuka. "Baba yako alikufa akimwombea dua, akidhani alitutendea wema! Nimsamehe mimi? Mpige! Mpige mpaka aite mama yake. Lakini fimbo usiikate kwenye mti wangu."

Mtoto akafika na maji. Bibi akanywa, akafuta mdomo kwa upande wa kiganja, akaokota nyundo.

Wiki ile Bi Mlango alifundisha vibaya. Alikuwa amenyang'anywa kitu alichokibeba tangu utoto, na mikono haikujua pa kukaa. Jumatano akafika kwenye somo la wastani, somo la darasa la sita wanalolirudia la nane, na kwa kuwa hakuwa na akili ya kutafuta mifano, aliandika ubaoni alama za jaribio lao wenyewe. Wakajumlisha, wakagawanya. Mtoto wa kaka yake alinyoosha kidole kutoka mlangoni.

"Mwalimu, wastani ni sabini."

"Sawa."

"Mimi nimepata hamsini na mbili. Nimefaulu?"

"Umefaulu."

"Lakini nimewashusha."

"Umewashusha."

"Kwa hiyo mtu anaweza kufaulu na bado akawashusha wenzake?"

Bi Mlango alibaki na chaki hewani. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa amefundisha somo lile mwaka hadi mwaka, akalisahihisha, akalitungia mitihani; na katika hasira yake alikuwa amesahau kwamba wastani hauna haja ya mtu aliyeanguka. Unashushwa hata na aliyesimama, alimradi hakusimama juu sana. Akaanza kucheka. Watoto hawakuwahi kumsikia akicheka, wakatazamana kwa hofu.

"Anaweza," akasema. "Ndiyo, mwanangu. Anaweza kabisa."

Tangu siku hiyo hakuna aliyefundishwa hesabu katika mji ule kama walivyofundishwa watoto wa mlangoni. Alipiga marufuku kutumwa chaki. Alikuja na chaki zake mfukoni. Mlango alifungua na kufunga yeye. Kengele ya mwisho ikilia, wa mbele wakienda kwa walimu wao wa ziada, aliwabakiza wake, akawakalisha kwenye madawati ya mbele, chini ya ubao, na wa kwanza kukaa pale waliyapapasa kwa viganja kama watu walioingia nyumba ya tajiri. Jua likipungua alishuka nao, wakavunja mawe pamoja huku wakiimba majedwali ya kuzidisha, na wazazi wakagawana pengo la kazi. Alikuwa mkali. Hakuwa na subira. Aliyekosea swali mara mbili aliulizwa, "Unamsaidia nani? Unamsaidia yule?" Watoto hawakujua yule ni nani, wala kwamba kila atakayefeli atamthibitishia kuwa kweli alikuwa amechoka, ila walijua hawataki kumsaidia.

Wema ulikuwapo ndani yake, lakini ulikuwa umepanda mgongoni mwa kisasi, na kisasi ndicho kilichokuwa na miguu.

Matokeo yalitoka wakati wa upepo. Wa mbele walifanya vizuri kama kawaida yao. Wa mlangoni wengi walipata hamsini, hamsini na kitu, sitini kidogo. Karibu wote wakapata nafasi ya kuendelea. Mtoto wa kaka yake alikuwa mmoja wao. Watatu walifeli. Mmoja wa hao watatu, mtoto wa Nyundo, alirudi machimboni kesho yake, na Bi Mlango alipopita akamsalimia, aliinamia jiwe lake hakuitikia. Hilo halikumtoka moyoni, na halikupaswa kumtoka.

Shule haikuwahi kufaulisha watoto wengi kiasi kile. Na wastani wake haukuwahi kuwa chini kiasi kile. Shule nyingine zote za wilaya zilikuwa na wapumzikaji wao, zikawapumzisha kama kawaida, na hivyo shule pekee iliyoingiza kila mtoto ikajikuta mwisho.

Sasa, ofisi ya elimu ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilikuwa imebuniwa zamani kwa pendekezo la Bwana Wastani mwenyewe. Katika mkutano wa matokeo, walimu wakuu walikaa kwa namba. Shule ya kwanza ilikaa mbele, kwenye kiti cha mto, na zilizofuata zikafuata. Kila mkuu alikuja na mwalimu wake mmoja. Mwaka huo Bwana Wastani angeweza kumchukua yeyote, ila wengine wote walipata udhuru ghafla.

Walipofika, msichana wa mapokezi aliangalia karatasi yake, akaangalia tai ya Bwana Wastani, akaona haya. "Mkuu, ninyi mko... kule nyuma."

Kule nyuma viti vilikuwa vimekwisha. Palikuwa na benchi, na benchi liligusana na mlango. Bi Mlango akapita kwanza, kwa adabu, akasogea hadi ndani kabisa, akamwachia mkubwa wake ukingo. Upepo ulikuwa unaingiza vumbi la barabarani. Bwana Wastani alitoa leso akafuta benchi, akakaa. Baada ya muda mfupi suruali yake nyeusi ilikuwa na utando mweupe.

"Hapa hapakaliki," alinong'ona. "Husikii hata wanachosema."

"Utazoea, Mkuu. Mimi nilikaa mlangoni mwaka mzima."

"Ulikaa wapi?"

"Darasani kwako. Mwaka ule wa kombe la kwanza. Ulimwita baba yangu ukamwambia nimechoka."

Aligeuka akamtazama. Alimtazama kwa bidii, paji la uso, macho, vidole vyenye makovu, kama mwanafunzi anayetafuta jibu ubaoni baada ya ubao kufutwa.

"Sikumbuki," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya kweli.

"Najua."

"Miaka yote hii tuko ofisi moja. Kwa nini hukusema? Ningekuomba radhi."

"Ndiyo maana sikusema."

Mbele, afisa elimu alikuwa amesimama akisoma wastani wa shule, mmoja baada ya mwingine. Idadi ya waliofaulu hakuisoma; haikuwahi kusomwa. Upepo ukavuma kwa nguvu, karatasi zikaruka kutoka mezani, na watu wa mbele wakacheka wakiziokota.

"Ninyi wa mlangoni!" afisa akaita bila kuangalia ni akina nani. "Hebu tusaidieni, fungeni mlango huo."

Bwana Wastani alingoja. Alingoja kama mkubwa anavyongoja mdogo anyanyuke. Bi Mlango alikuwa ameshaweka mikono yake miwili mapajani, kidole juu ya kidole, na miguu yake, ambayo ilifundishwa tangu zamani kunyanyuka kwa sauti kama ile, aliikanyagia sakafuni.

"Ni kazi ya anayekaa ukingoni, Mkuu," akasema kwa upole.

Ukumbi mzima uligeuka kuangalia kwa nini mlango haufungwi. Bwana Wastani akanyanyuka. Akaushika mlango, akauvuta, ukagoma, akauvuta tena.

"Kwa bega," Bi Mlango akamwelekeza. "Unasukumwa kwa bega."